Karata za Bicycle kwa vikundi vya mazingaombwe Moshi na Arusha: pakiti mbili kabla ya boksi la vifaa

Kikundi chochote cha vijana wanaojifunza mazingaombwe, kiwe Majengo ya Moshi au Ngarenaro ya Arusha, huanza na swali la pesa: mchango mdogo uliopatikana ununue nini kwanza? Wengi hukimbilia boksi la vifaa vya rangi, lenye yai la plastiki, vikombe vitatu na kifimbo cheusi chenye ncha nyeupe. Ushauri wetu ni pakiti mbili za Bicycle, karata za karatasi za chapa ya Marekani, moja ya mgongo mwekundu na moja ya mgongo wa bluu. Karata za plastiki za sokoni zibaki kwa kazi chache tutakazozitaja.

Waliosoma shule za msingi mikoa hii wanamkumbuka mtu wa mazingaombwe. Alikuja na begi, watoto wakatoa sarafu zao, darasa likajaa mpaka madirishani, akavuta vitambaa mdomoni, kisha akaondoka na siri yake. Utamu wa kikundi ni kwamba siri haiondoki na mtu. Inawekwa mezani, inafunguliwa, na mwenzako anakuonyesha ni kidole gani kimechelewa. Kwa hiyo kifaa cha kikundi kinapimwa kwa jambo moja kubwa: mchezo ukiharibika, je, kijana anaweza kujua kwamba kosa ni la mkono wake? Karata mbovu zinamnyima hilo. Anarudia wiki nzima kitu ambacho mkono wake ulishakiweza, anakata tamaa, na kikundi kinampoteza. Hapo ndipo Bicycle inapojilipa.

Ndani ya pakiti kuna karata 56: 52 za mchezo, joka (joker) mbili na karata mbili za ziada. Hizo za ziada zisitupwe, kazi yake inakuja. Kipimo cha kila karata ni milimita 63 kwa 88. Ipo pia saizi nyembamba ya 57 kwa 88, ambayo mtoto wa miaka kumi huishika kwa urahisi zaidi, ila kikundi kichague saizi moja na kukaa nayo, maana vidole vinakariri upana. Jina hili lipo sokoni tangu 1885, na mgongo maarufu wa Rider Back, wenye malaika juu ya baiskeli, ulitoka 1887. Mtengenezaji ni kampuni ya Marekani ambayo tangu 2019 iko chini ya Cartamundi ya Ubelgiji.

Mulika uso wa karata kwa pembeni kwa tochi ya simu utaona vishimo vidogo vilivyopangwa kwa mistari. Kazi yake ni kubakiza hewa kidogo kati ya karata na karata ili ziteleze kwa usawa bila kugandana. Ukitandaza pakiti mezani kwa mkono mmoja, karata zinajipanga kwa nafasi zinazolingana. Za plastiki huenda kwa mafungu: kumi zimelaliana hapa, tatu zimekimbia kule.

Kipimo chetu cha kwanza kwa pakiti yoyote ni kuinua karata mbili kama moja, kwa sababu michezo mingi ya karata inasimama juu ya mbinu hiyo. Pakiti ikae mkono wa kushoto: kidole cha shahada mbele, vidole vitatu ubavuni kulia, dole gumba ubavuni kushoto. Kwa dole gumba sukuma karata mbili za juu kuelekea kulia, milimita mbili tu. Zirudishe taratibu huku ncha ya kidole cha mwisho ikinasa ukingo wa chini wa ile ya pili. Inayoingia ni nyama ya ncha peke yake. Ukiingiza kidole mpaka kwenye kucha, pengo litaonekana na aliyekaa mbele yako. Sasa mkono wa kulia uje juu, dole gumba nyuma, kidole cha kati mbele, uzishike zote mbili na kuzipinda kidogo sana ili zibanane. Zigeuze, ziweke juu ya pakiti, taja karata inayoonekana. Zigeuze tena pamoja, chukua ya juu peke yake, ichomeke katikati ya pakiti mbele ya macho ya watu. Ukigeuza karata ya juu, ni ileile waliyoiona.

Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba karata mbili zinafunguka kama mkasi katikati ya kugeuza. Kwa Bicycle iliyokwisha kulainishwa, sababu ni karibu kila mara moja kati ya mbili: dole gumba la kulia limekandamiza kona badala ya katikati ya ukingo, au mgeuzaji ameharakisha kwa hofu. Zote zinarekebishika siku hiyohiyo. Kwa karata za plastiki mkasi unafunguka hata mkono ukiwa sahihi, kwa kuwa plastiki juu ya plastiki haina mshiko, na haikubali kupindwa kidogo ikabaki hivyo kwa sekunde mbili unazozihitaji. Hakuna mwalimu anayeweza kutofautisha kosa na kifaa hapo.

Mchezo huo wa karata inayorudi juu una heshima yake. Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani, alijigamba kwamba mchezo wowote akiuona mara tatu mfululizo atajua unavyofanyika. Mwaka 1922, huko Chicago, kijana wa Kanada aitwaye Dai Vernon alimfanyia karata inayorudi juu, akarudia zaidi ya mara hizo, na Houdini hakuweza kueleza. Vernon hakuwa na sanduku wala moshi, ni karata tu.

Kipimo cha pili ni faro, yaani kuchanga kwa kufuma karata moja kulia, moja kushoto, nusu mbili zikiingiliana sawasawa. Ni kigumu, si cha mwezi wa kwanza, lakini kinaonyesha ubora wa ukataji wa kingo kuliko kitu kingine. Kata pakiti 26 kwa 26, gonganisha kona za nusu mbili, bonyeza kidogo, na karata zianze kuingiliana zenyewe. Karata ya juu kabisa ibaki juu, ya chini kabisa ibaki chini. Ukifanya hivyo mara nane bila kukosea, pakiti inarudi kwenye mpangilio ulioanza nao. Pakiti mpya ya Bicycle inasaidia hapa kwa namna nzuri sana: ukitoa joka na za ziada, inakuja imepangwa shupaza kuanzia A hadi K, uru A hadi K, halafu pau K hadi A na kopa K hadi A. Katikati kabisa K ya uru imekutana na K ya pau. Ukikata, tazama: K hizo zikitengana, moja huku na nyingine kule, umekata 26. Zikibaki upande mmoja, usiendelee, hata ukifuma vizuri kiasi gani haitarudi. Ukiona kingo zinagoma, geuza pakiti nzima ielekee juu ujaribu tena, kwa sababu mashine hukata kutoka upande mmoja na kingo huingiliana vizuri zaidi kwa mwelekeo mmoja. Karata za plastiki tulizozoea masokoni hazifumiki kwa mwelekeo wowote.

Tuseme sasa karata za plastiki zinafaa kwa kazi gani. Zinaoshwa kwa kitambaa chenye maji, haziogopi soda iliyomwagika, na zinatosha kabisa kwa michezo ya hesabu isiyohitaji ujanja wa vidole. Mfano ni ule wa karata 21. Panga safu tatu za karata saba, mwombe mtu achague moja kimoyomoyo na akuambie ipo safu gani. Kusanya safu ukiweka yake katikati, gawa tena moja moja kwa safu tatu, uliza tena, kusanya vilevile. Baada ya mara ya tatu karata yake ni ya 11 kutoka juu. Makosa ni mawili: kugawa safu nzima kwa mpigo badala ya kugawa moja moja kwa mzunguko, na kusahau kuweka safu yake katikati. Mtoto wa darasa la tano anaumudu kwa jioni moja, na furaha ya kumshangaza baba mdogo kwa mara ya kwanza ndiyo itakayomrudisha Jumamosi inayofuata. Kwa hiyo usizidharau, zinunue kwa ajili ya wadogo.

Ila angalia migongo kabla ya kulipa. Karata nyingi za plastiki, hasa zile za rangi ya dhahabu, zina picha inayoelekea upande mmoja: noti ya dola, mchezaji mpira, mnyama. Karata ikirudishwa imegeuzwa kichwa chini, kila mtu anaiona. Rider Back inafanana juu na chini, na ina ukingo mweupe kuzunguka. Ukingo huo ni rafiki wa mwanafunzi: karata iliyogeuzwa uso juu ndani ya pakiti inajificha, kwa sababu karata zote zina ukingo mweupe, uso na mgongo. Pakiti isiyo na ukingo inaropoka siri ukiitandaza kidogo tu.

Bei haifichiki: Bicycle ni ghali mara kadhaa kuliko za plastiki, na huzikuti kila duka. Kwenye vibanda vya Soko Kuu la Arusha au Mbuyuni Moshi usitarajie. Ulizia maduka makubwa na ya michezo, au agiza kwa ndugu anayetoka Dar au nje. Wapandaji wa Kilimanjaro mara nyingi hubeba karata za kupitishia jioni kambini, kwa hiyo kijana mwenye kaka anayefanya kazi ya uongozi wa watalii amwambie mapema. Bandia zipo. Pakiti halisi huja na nailoni nyembamba na stika ya kufunga juu ya kifuniko. Ukiruhusiwa kufungua, papasa kingo: zisiwe na vinyuzi. Tafuta vile vishimo kwa tochi. Kisha inua karata moja mbele ya taa. Ukiweza kusoma namba yake kwa kupitia mgongoni, iache, kwa maana aliyekaa kinyume na dirisha ataisoma pia.

Pakiti mbili zitatoshaje watu wanane? Kila pakiti ina aina nne, na kila aina ina karata 13. Gawa: huyu kopa nyekundu, huyu kopa ya bluu, yule shupaza nyekundu, mpaka vijana wanane wapate. Karata 13 zinatosha kuinua mbili kama moja, kujifunza kushika, kuhesabu huku ukificha karata, na kuchanga kwa kuvuta mafungu. Mwisho wa kipindi kila mmoja anapanga A hadi K mbele ya mwenzake, na karata iliyopotea inajulikana ni ya nani kabla mtu hajatoka mlangoni. Pakiti nzima inaungana tena kwa faro, kutandaza na michezo ya kuchagulisha. Kwa miaka miwili ya kwanza ya kikundi hamhitaji zaidi ya hapo. Na kwa upande wa sarafu hakuna cha kununua: ya shilingi 500, iliyoanza kutumika 2014, ni pana ya kutosha kufichwa kiganjani na nzito ya kutosha kuisikia ilipo.

Kulainisha pakiti mpya kunahitaji subira ya robo saa. Ikiwa mpya inateleza mno, na wanaoanza hulalamika kwamba inawatoroka. Chukua karata kumi kumi, pinda taratibu kuelekea uso kisha kuelekea mgongo, ziachie kwa dole gumba mara kadhaa, ukimaliza zote changa kwa kuvuta mafungu. Usipinde pakiti nzima kwa nguvu siku ya kwanza. Itabaki imepinda, na pengo la kidole cha mwisho litajifungua lenyewe wakati hulitaki.

Adui wa kila siku ni mafuta na unyevu. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa, si kupanguswa kwenye suruali. Poda ya mtoto, ambayo wengi huinyunyiza, inajaza vile vishimo na kuchanganyika na jasho. Karata zinakuwa nzito kuliko zilivyokuwa. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, karata za karatasi hunywa unyevu na kujikunja. Zihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Zikishajikunja, zilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha, upande uliobinuka ukiwa juu. Kiangazi kina vumbi lake, na Moshi mjini vumbi hilo ni jekundu na linakwaruza. Msifanyie mazoezi kwenye sakafu ya saruji. Shuka la Kimasai lililokunjwa mara nne juu ya meza, au kipande cha blanketi zito kutoka mitumba ya Memorial, linafanya kazi ya mkeka wa wataalamu: vidole vinazama kidogo, karata inaokoteka, na kona hazichakai.

Siku ya kuonyesha ndiyo pakiti inapoteseka. Kwa huku kwetu siku hiyo ni kipaimara, komunyo ya kwanza, au Desemba ukoo ukirudi Kilimanjaro kwa Krismasi, na mashangazi wote wametoka kula ndizi na nyama choma. Fanya mapema, kabla ya chakula. Ikishindikana, tumia pakiti ya bluu kama pakiti ya wageni na nyekundu ibaki ya mazoezi. Chagua mchezo ambao mgeni anashika karata moja tu. Maneno yawe ya adabu na ya kuelekeza: "Mama mkubwa, shikamoo, naomba ukate karata popote unapopenda, usinionyeshe." Mtu mzima akielekezwa vizuri hachangi upya bila kuombwa, na hilo linaokoa michezo ya karata ya ufunguo, ambapo umeshaiona karata ya chini kwa siri, ya kwake imewekwa juu ya pakiti, na kukata mara moja kunazikutanisha. Kukata hata mara tatu hakuharibu kitu. Kuchanga kunaharibu.

Kuna jambo la wazazi, na kikundi kisilikwepe. Watu wengi wameibiwa kwa karata tatu stendi, na kijana mwenye karata mkononi anaonekana yuko njia hiyo. Wengine wana hofu ya ushirikina. Mzazi aalikwe kipindi cha kwanza, aonyeshwe mbinu moja mpaka mwisho, tunapendekeza ile ya karata 21, ajue kwamba ni hesabu na vidole. Kanuni iwekwe wazi: hapa hakuna kucheza kwa pesa, hata shilingi mia. Mtoto asipatiwe karata za kwenda nazo shule.

Ikitumika kila wiki na mikono minane, Bicycle itachoka: kingo zitakuwa za kijivu, ukizitandaza mkononi kama feni zitafunguka kwa kukwama. Hapo ndipo ile tofauti ya mwisho na plastiki inapoonekana, kwa sababu karata ya karatasi iliyokufa ina kazi nyingine. Imetengenezwa kwa tabaka mbili zilizogundishwa. Anza kwenye kona kwa ukucha, chana taratibu, na uso utatengana na mgongo. Gundisha migongo miwili kwa gundi nyepesi ya karatasi iliyopakwa kama ukungu, bana chini ya vitabu siku nzima, na una karata yenye mgongo pande zote. Gundi ikizidi itavimba na kujitangaza. Karata za ziada zilizokuja na pakiti ni nzuri kujifunzia kuchana, kwani zile mbili au tatu za kwanza zitararuka. Karata fupi ni rahisi zaidi: punguza milimita moja, si zaidi, upande mmoja mfupi, kisha zungushia kona upya kwa kikata kucha ili zisibaki na ncha. Ichomeke kwenye pakiti ya rangi ileile, achia kingo kwa dole gumba kutoka upande uliokatwa, na utaisikia ikidondoka kwa mlio wake, hata gizani.